Mpishi wa Mbwa wa Kisauni

Nyamvula alipoanza kazi ya kuwapikia mbwa sima, wanawake wa Kisauni walimcheka mpaka wakashika mbavu. Ulikuwa mwaka wa 1946. Vita vilikuwa vimekwisha lakini unga ulikuwa bado unapimwa dukani, na watu walipanga foleni tangu alfajiri wapate wa kutosha chungu kimoja. Na huko kwenye shamba la zamani la minazi, kando ya njia ya kwenda Bombolulu, mbwa wa mitaani walikuwa wakila sima ya moto kwa supu ya matumbo.

"Mwenzetu kapata mabwana," walimwambia kisimani. "Tena mabwana wa miguu minne."

Nyamvula alicheka nao, akajitwika mtungi wake, akaondoka polepole. Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe walikuwa wakiiona kila siku.

Ilikuwa mguu wake wa kushoto. Ulianza kuvimba baada ya kumzaa Mapenzi, binti yake wa pekee, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwanza kifundo, kisha muundi, mpaka mguu wote chini ya goti ukawa kama gogo, ngozi imekakamaa na kupasukapasuka. Kila mwezi, pengine mara mbili, mtoki ulimvimba kinenani, homa ikampanda, akalala siku tatu anatetemeka. Watu wa pwani wanayajua matende, si ugonjwa wa kushangaa. Lakini kuujua hakumwondolei mtu aibu. Mumewe Masha, kibarua wa reli kule Changamwe, hakumkimbia. Alikufa kwa homa ya tumbo mwaka wa njaa kubwa, na tangu hapo Nyamvula alijilisha kwa kusuka makuti, kazi ya mtu wa kukaa kitako.

Basi aliposikia kwamba kuna mzungu amefungua nyumba ya kutafuta dawa ya matende, alijikokota mwendo wa saa nzima mpaka barazani kwake. Aliyempokea ni Stambuli, dresa wa pale, msaidizi wa daktari, mtu wa ukoo wa zamani wa Kisauni, kanzu safi, kofia ya vito imemkaa sawasawa.

"Dawa bado, dada yangu," Stambuli alimwambia. "Wallahi sitakudanganya. Tunaitafuta."

"Mnaitafuta wapi?"

Stambuli alielekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye mabanda. "Kwa wale."

Akamweleza. Matende yaletwa na wadudu wembamba kama uzi, mbu ndiye mchukuzi wao. Mbwa wa pwani nao wana wadudu wa jamii hiyo, wao huwakaa moyoni. Dawa itakayowaua wa mbwa huenda ikawaua na wa binadamu. Hii nyumba, dawa, mishahara, hata unga wa mbwa, vyote vilikuwa sadaka: kulikuwa na chama Uingereza kilichochangisha makanisani na mashuleni kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika.

Daktari mwenyewe akatoka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, jina lake Whitlock, lakini mtaa mzima ulimwita Bwana Sindano. Aliuangalia ule mguu bila kukunja uso, jambo ambalo Nyamvula hakulizoea. Akaomba damu yake na ya bintiye. Kwa kuwa wadudu wale hujitokeza ndani ya damu usiku tu, ilibidi Stambuli aende kuichukua nyumbani kwao na taa ya kandili.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Damu ya Nyamvula ilikuwa karibu haina kitu. Maradhi yalikwisha kufanya kazi yake. Lakini ya Mapenzi, yule binti mwenye miguu iliyonyooka, aliyekuwa akikimbia mpaka ng'ambo ya mto na kurudi bila kuhema, ilikuwa imejaa wadudu.

Siku hiyo hiyo Nyamvula alirudi kuomba kazi. "Yoyote," alisema. "Mradi niwe karibu na dawa ikitokea."

Kazi iliyokuwapo ni ya upishi wa mbwa.

Na mbwa aliwajua. Babake alikuwa mwindaji huko Kaloleni, na yeye alikulia uani pamoja na mbwa wa kuwindia. Alijua yupi ana njaa na yupi anadeka, yupi ana maumivu na yupi anaogopa tu. Hapa walikuwa ishirini na zaidi, wamekamatwa mitaani toka Kisauni mpaka Mikindani, kila mmoja na kibati chenye nambari shingoni. Majina yalikatazwa. Kulikuwa na jike mmoja mwenye mabaka ya kahawia, Kumi na Saba, aliyekuwa hagusi chakula mpaka Nyamvula aweke mkono wake kwenye sufuria. Nyamvula alijiambia ni tabia ya mbwa tu. Lakini kila asubuhi alijikuta anamtafuta kwa macho kabla hajawasha moto.

Dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilitengenezwa kwa madini, na ilipigwa mshipani. Mbwa waliopata kidogo walitapika, wakatetemeka, wakapona. Waliopata nyingi walikohoa damu. Wengine walikufa siku ileile, wengine walichukua siku tatu, wamefungwa kwenye nguzo uwanjani, jua linawapiga, huku daktari akiangalia saa yake na kuandika. Alitaka kujua kila mmoja amechukua saa ngapi.

Mwanzoni Nyamvula aliinamisha kichwa akakoroga sima yake. Alijiambia: ni mbwa, na mimi nina mtoto. Kila mnyama alipopelekwa mezani aliuangalia mguu wake mwenyewe, akaona kama yeye ndiye aliyemshika yule mnyama asifurukute. Hilo alilivumilia. Alichoshindwa kuvumilia alikijua siku moja alipokuwa akiosha masufuria na Stambuli akiosha mikono. Stambuli alinawa mara saba, moja kwa mchanga, kama dini yake ilivyomtaka kwa mate ya mbwa, na siku hiyo alipofika ya saba alianza tena.

"Umepoteza hesabu, Bwana Stambuli?"

"Sijapoteza, Mama Mapenzi. Naona mikono haitakati." Akachota maji mengine. "Kipimo cha leo ni kilekile cha mwezi uliopita. Na cha mwezi wa kabla yake. Twajua chaua. Mbwa wanane wameshatwambia."

"Sasa anamuuliza wa tisa nini?"

"Ripoti. Kila mwaka chama chataka ripoti, na Bwana hana dawa ya kuwaonyesha. Basi awaonyesha wingi wa kazi." Alijifuta mikono kwa leso. "Mnyama ana haki yake, mamangu. Kuna siku kila kiumbe kitasema kilifanywa nini, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sindano."

Nyamvula alirudi kwenye masufuria yake. Usemi ule ulimkaa kifuani mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndipo ilipokuja habari kwamba mjumbe wa chama yuko njiani, bibi mmoja aitwaye Ellery, ameshuka melini Kilindini na atafika Jumatano.

Nyumba ilipakwa chokaa. Mbwa wenye afya walioshwa wakawekwa mabanda ya mbele. Wagonjwa sita, Kumi na Saba, naye aliyekwisha kupigwa sindano, akiwa mmoja wao, walifungiwa kwenye ghala la nyuma lililokuwa la kukaushia nazi, na mlango ukaegemezwa mabati. Nyamvula naye alipangiwa kazi: avae kanga mpya, akae barazani, na akiambiwa aonyeshe mguu.

Bibi Ellery alikuwa mama wa makamo, kofia pana, viatu vya kutembelea vimejaa vumbi kwa kuwa alikataa kubebwa na gari kutoka daraja la Nyali. Aliona maabara, akaona madaftari, akaona mbwa wa mbele wakitikisa mikia. Kisha akaletwa barazani. Nyamvula akavuta kanga. Yule mama aliutazama mguu, akachuchumaa, akaugusa kwa kiganja, machozi yakamlengalenga.

"Muulize," alimwambia Stambuli, "kama kuna lolote angependa kutuambia."

Daktari Whitlock alitabasamu. Alitarajia shukrani, na shukrani ndiyo iliyotangulia.

"Mwambie ahsante," Nyamvula alisema. "Mwambie waliochanga kule kwao, Mungu awalipe. Kisha mwambie kuna ghala nyuma hajaliona. Aende akaone, halafu arudi tuzungumze."

 Stambuli alimtazama Nyamvula, akamtazama tajiri wake. Daktari, aliyekuwa anajua Kiswahili cha kuulizia maumivu tu, aliuliza, "Amesemaje?" Na katika ule muda mfupi Stambuli alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kusema mama huyu anaomba blanketi.

Alitafsiri neno kwa neno.

Mabati yaliondolewa. Mle ghalani kulikuwa na joto la tanuri. Mbwa wawili walikuwa wamekwisha kufa. Kumi na Saba alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na aliposikia hatua za ule mguu mzito alijaribu kuinua kichwa, akashindwa. Nyamvula alipiga magoti kwa shida akamlowesha ulimi kwa maji ya kata.  Bibi Ellery alitoka nje akashika nguzo, akarudi amekuwa mwekundu.

"Nitaifunga nyumba hii," alisema. "Wiki hii hii. Watoto wa shule hawakutoa sadaka yao kwa ajili ya haya."

Stambuli alimtafsiria Nyamvula kwa sauti ya chini. Alidhani atafurahi. Nyamvula aliinuka akiwa ameshika ukuta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Afunge? Mwambie hapana! Mwambie sikumwita hapa aje afunge. Mimi nina binti, damu yake imejaa wadudu, kesho kutwa mguu wake utakuwa kama huu. Nataka dawa. Tena naitaka kuliko yeye." Alikuwa akitweta. "Na hawa waliokufa, akifunga leo, wamekufa kwa kitu gani? Kwa bure! Sijasema msiwaguse mbwa. Nasema mbwa hakuulizwa. Mtu akiumizwa hajaulizwa, anayemuumiza ana deni naye. Basi asiumizwe kwa jambo linalojulikana tayari. Mbwa wanane walikwisha kusema kipimo kile kinaua, wa tisa aliulizwa nini? Akifika pahali hawezi kupona, mpumzisheni, msimkalie na saa. Na kivuli, na maji. Kwani kivuli kinaharibu dawa?"

Stambuli alitafsiri mpaka mwisho, jasho linamtoka. Bibi Ellery alimgeukia daktari.

"Yule wa tisa alikufundisha nini, Daktari, ambacho wa nane hakukufundisha?"

 Whitlock akasema, polepole, "Hakuna." Na aliposema hivyo alikaa chini palepale kwenye vumbi la ghala na suruali yake nyeupe.

Kumi na Saba alipumzishwa alasiri ile. Daktari alipiga sindano mwenyewe, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwa Nyamvula.

Nyamvula alikwenda nyumbani akijua kazi imekwisha. Alimwambia Mapenzi, "Kesho tutatafuta makuti ya kusuka." Mapenzi, ambaye hakuwa na maneno mengi, alimwekea maji ya moto ya kuoshea mguu na kuuliza tu, "Ulisema kweli?"

"Nilisema."

"Basi."

Lakini asubuhi alipokwenda kuchukua vyombo vyake, alimkuta daktari amekaa jikoni, kwenye kile kibao cha mpishi, moto umewashwa vibaya na moshi umejaa. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika alisema, "Nyamvula. Mimi naogopa. Mwaka mmoja, dawa hakuna. Mimi naogopa watu watasema huyu daktari bure. Ukiogopa, wewe hufanya vitu."

"Hata mimi naogopa, Bwana," Nyamvula alisema. "Lakini toka kwenye kibao changu, sima itachelewa."

Alitoka. Na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo kunyooka, ingawa hayakunyooka kwa siku moja. Bibi Ellery hakufunga. Alikaa Mombasa wiki mbili, akaandika barua ndefu kwa chama chake, akaeleza yote bila kuficha. Baadhi ya wafadhili walijitoa. Hawakutaka mnyama yeyote aguswe kwa jina lao, wala Bibi Ellery hakuwalaumu. Wengine walibaki kwa masharti, na masharti yenyewe yalibandikwa ukutani kwa lugha mbili. Jambo linalojulikana halirudiwi. Kila jaribio lielezwe kwanza ni la nini. Na moja lilimchekesha Stambuli mpaka akavua kofia: mpishi akisema mnyama ameumia vya kutosha, kazi inasimama.

"Mama Mapenzi," alisema, "umekuwa hakimu."

Ule uhakimu haukuwa mchezo. Mabanda yaliezekwa makuti, mbwa wakabaki wanane tu. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata daktari alikuwa na dawa nyingine aliyoiamini sana, na mbwa mmoja mweusi alikuwa anaitikia vizuri, wadudu wanapungua, ila usiku na mchana alilia. Ilibaki sindano moja. Nyamvula alisimama mlangoni akamtazama yule mbwa alivyojikunja, alivyotafuna mguu wake mwenyewe.

"Basi, Bwana. Imetosha."

"Moja tu! Sindano moja, Nyamvula, labda ndiyo dawa ya Mapenzi!"

Nyamvula alijua hivyo. Alijua kuliko yeye. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, akasema tena, "Imetosha." Daktari alitupa sindano kwenye karai, akatoka, hakusema naye siku nne. Lakini hakumchoma yule mbwa. Mbwa alipona, akakaa pale shambani mpaka uzee, na Nyamvula kwa wiki nyingi hakuweza kumtazama bila kumfikiria bintiye na kujiuliza kama alikosea.

Jibu halikutoka Kisauni. Mwaka wa 1948 lilikuja kwa meli: vidonge vyeupe, dawa mpya iliyogunduliwa na wengine ng'ambo. Kule nako, Whitlock alieleza bila kuulizwa, walianza kwa wanyama. Alileta karatasi yenyewe, akamsomea Nyamvula kwa kupitia Stambuli: wanyama gani, wangapi, waliumia vipi. Kile alichokijua kwa mbwa wake wa Kisauni kilimsaidia kukisia kipimo cha kuanzia na dalili za kuchunga. Hakikuwa kikubwa. Lakini hakikuwa bure.

"Sasa ni zamu ya watu," daktari alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimetengemaa. "Itawasha mwili. Italeta homa siku mbili tatu, wadudu wakifa. Huenda kuna lingine nisilolijua. Mguu wako, Nyamvula, hautarudi kama zamani, sitaki nikudanganye. Ninauliza. Ukikataa, utaendelea na kazi yako vilevile."

Nyamvula alicheka. "Miaka miwili nimepikia mbwa, leo ndiyo naulizwa mimi. Lete maji."

Alimeza yeye kwanza, ingawa damu yake haikuwa na wadudu wengi wa kuua, kwa sababu hakutaka Mapenzi ameze kitu ambacho mamake hajakionja. Alichunguzwa wiki nzima. Kisha akamketisha bintiye, akamweleza kama alivyoelezwa, la homa na la kuwasha na la lisilojulikana. Mapenzi alikuwa mwanamwari wa miaka kumi na saba, ana mchumba huko Jomvu.

"Nikisema sitaki?"

"Basi hutaki. Nitalia, lakini sitakushika."

Mapenzi aliviangalia vile vidonge kwa muda mrefu, akavitia kinywani. Homa ilimpanda siku ya pili, akatapika, akawashwa mwili mzima mpaka mamake akampaka mafuta ya nazi kutoka utosini hadi nyayo. Stambuli alikuja kila jioni, akakaa nje barazani na kuuliza hali kupitia dirishani, kwa adabu. Siku ya tano homa ikashuka. Baada ya wiki tatu damu yake ilipowekwa chini ya darubini, daktari alitazama, akamwita Stambuli atazame, na Stambuli akamwita Nyamvula. Hakujua kuitumia darubini. Aliona duara la mwanga tu, lina vidoadoa, hakuna kinachotembea.

"Mimi sioni kitu," alisema.

"Ndiyo, mamangu," Stambuli alijibu. "Hata sisi hatuoni kitu."

Mguu wa Nyamvula ulibaki mkubwa. Lakini alijifunza kuuosha kwa sabuni kila siku na kuuweka juu ya mto akilala, nyufa zikafunga, na mtoki ukaanza kumpa nafasi: miezi miwili, mitatu, kisha nusu mwaka bila homa. Alirudi kwenda Kaloleni kwa miguu yake kuona nduguze, safari ambayo hakuwa ameifanya tangu alipomzaa Mapenzi.

Mwaka wa 1949 watu walianza kuja kutoka Likoni, Changamwe na Mikindani kutafuta vidonge. Kazi ya sufuria alipewa mwingine. Nyamvula aliwekewa mkeka barazani, na kila mgonjwa alipita kwake kabla hajafika kwa daktari, ili aelezwe ukweli wa dawa na mtu anayeijua. Siku moja alikuja fundi wa mashua kutoka Likoni, Tsofa, mtu mkubwa wa mwili na mwoga wa sindano, miguu yote miwili imevimba.

"Niambie kweli, mama," alisema. "Hii dawa, mzungu kaijaribu kwa nani kabla ya kunipa mimi?"

Wale waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walitega masikio. Nyamvula alijisogeza kwenye mkeka akampisha akae.

"Kaa kwanza, baba," alisema, "nikueleze. Habari yake ni ndefu kidogo."